Maswali ya Wasomaji: Mtoto Mwenye Usonji Anapoumwa, Atasemaje?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, yaani namna ya kumwezesha mtoto mwenye usonji kumweleza mhudumu wa afya kwamba anaumwa, anaumwa wapi na kwa kiasi gani. Tumechagua tano. Majina ya waandishi na ya hospitali walizozitaja tumeyaondoa.

Swali: Mwanangu ana umri wa miaka 9, ana usonji na husema maneno machache sana. Hivi karibuni alianza kujipiga sikio na kukataa kulala. Hospitalini muuguzi alimwonyesha picha za nyuso sita, akamtaka aguse uso unaofanana na maumivu yake. Aligusa uso unaotabasamu, ikaandikwa kwamba hana maumivu, tukarudi nyumbani. Baadaye sikio lile lilitoka usaha. Je, picha hizi hazifai kwa watoto kama wangu? — *Mama mwenye wasiwasi*

Jibu: Pole sana, mama, na utufikishie pole kwa mtoto. Mwanao alikuwa ameshaeleza maumivu yake kabla hajaonyeshwa picha yoyote. Mtoto ambaye hana kawaida ya kujipiga sikio, akaanza kulipiga na usiku akawa halali, amesema kwa mwili wake jambo lililo wazi kuliko mguso wa kidole kwenye karatasi. Kilichokwenda kombo ni kwamba jibu la kipimo kimoja lilipewa uzito kuliko maelezo yako wewe unayeishi naye.

Kuhusu picha zenyewe, vipimo vya nyuso havifanani. Kile kinachojulikana zaidi, Wong-Baker, kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1980, na nyuso zake sita zinaanzia kwenye tabasamu na kuishia kwenye machozi. Watoto wengi hukielewa, lakini kinachanganya maumivu ya mwili na hali ya moyo: mtoto anayeumwa ambaye amefurahi kwa kuwa mama yake yuko karibu anaweza kuchagua tabasamu bila kudanganya, na mwenzake asiyeumwa popote, ila anaogopa sindano, akachagua machozi. Ili kupunguza mkanganyiko huo, mwaka 2001 kilichapishwa kipimo kingine cha nyuso sita kiitwacho Faces Pain Scale – Revised, ambacho huanza na uso uliotulia usioonyesha hisia yoyote, na hata uso wake wa mwisho hauna machozi.

Hata hicho kinamdai mtoto mambo matatu kwa wakati mmoja. Kwanza atambue kinachotokea ndani ya mwili wake. Pili akifananishe na uso wa mtu aliyechorwa. Tatu aelewe kwamba swali linahusu mwili wake kwa wakati huu, wala haulizwi ni picha ipi inayompendeza. Watoto wengi wenye usonji hukwama katika hatua ya kwanza, kwa sababu ishara za ndani ya mwili, kama vile njaa, haja ndogo na maumivu, huwafikia zikiwa hafifu mno, kali mno, au zimechanganyika kiasi cha wao kutojua zinatoka wapi. Hatua ya pili, ambayo ni kusoma nyuso, ni ngumu kwa wengi wao hata wanapokuwa wazima.

Lipo jaribio jepesi unaloweza kulifanya nyumbani siku ambayo mtoto ni mzima. Mpe vipande vya karatasi vya ukubwa tofauti, umwombe avipange kuanzia kidogo hadi kikubwa. Akiweza, huenda akaielewa dhana ya kipimo chenye ngazi, na unaweza kuanza kumfundisha. Asipoweza, jibu atakalolitoa kwenye nyuso au namba lisitumike kamwe kuthibitisha kwamba hana maumivu, na mhudumu atumie kipimo cha kumtazama mtoto badala ya kumuuliza. Mwambie mhudumu maneno haya moja kwa moja: “Hii si tabia yake ya kawaida, imeanza siku fulani, naomba achunguzwe masikio, meno, koo na tumbo.” Jino bovu, maambukizi ya sikio, kiungulia na choo kigumu ni miongoni mwa vyanzo vya maumivu ambavyo mara nyingi hufichwa na kauli kwamba “huo ni usonji wake tu.”

Swali: Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba watoto wenye usonji hawahisi maumivu. Binti yangu aliwahi kuungua mkono na hakutoa hata sauti. Je, ni kweli? — *Baba wa watoto wawili*

Jibu: Si kweli, ndugu yangu, na ni imani ya hatari, kwa maana mtoto anayedhaniwa kwamba hahisi hatapewa dawa ya kutuliza maumivu. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2009 uliwatazama watoto na vijana wenye usonji walipokuwa wakitolewa damu. Wengi wao walionyesha kwa nje dalili chache za maumivu, au hawakuonyesha kabisa, ilhali mapigo ya moyo yao yaliongezeka kuliko ya wenzao wasio na usonji. Ukimya wa binti yako siku ile ulihusu namna anavyoonyesha maumivu, na hautuambii lolote kuhusu kiasi alichokihisi.

Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, iliporekebisha fasili yake ya maumivu mwaka 2020, ilieleza bayana kwamba kusema kwa maneno ni njia moja tu kati ya kadhaa za kuonyesha maumivu, na kwamba kushindwa kuwasiliana hakuondoi uwezekano wa mtu kuwa anaumia. Kwa hiyo mkague mwili binti yako kila anapoanguka au kugusa kitu cha moto, hata akiendelea kucheza, na umwarifu kila daktari mpya kuhusu ule mkono ulioungua.

Swali: Ninafanya kazi katika wodi ya watoto. Tunao watoto wachache wenye usonji, muda ni mdogo, na kipimo tulichonacho ni cha namba kutoka 0 hadi 10. Nianzie wapi? — *Muuguzi*

Jibu: Ahsante, ndugu muuguzi, kwa kuuliza kabla ya kulazimika. Anzia kwa mzazi au mlezi, na swali lako lisiwe “anaumwa?” bali “akiumwa hufanyaje, na akiwa mzima hufanyaje?” Bila kuijua hali yake ya kawaida, kila kipimo kitakupotosha. Mtoto anayetikisa mwili, anayekwepa macho ya watu au anayetoa mlio fulani kila siku hakuonyeshi maumivu kwa kufanya hivyo. Lakini yule aliyezoea kuruka siku nzima akiketi kimya pembeni anastahili kuchunguzwa upesi.

Kwa mtoto asiyeweza kujieleza, kipimo ambacho wodi nyingi zinakifahamu ni FLACC, kilichochapishwa Marekani mwaka 1997. Kinatazama uso, miguu, mwenendo wa mwili, kilio na kubembelezeka kwa mtoto, kila kimoja kikipewa alama 0 hadi 2, na jumla ya juu kabisa ni 10. Mwaka 2006 ilichapishwa tathmini ya toleo lililorekebishwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili, ambalo humruhusu mzazi kuongeza tabia ambazo ni za mtoto wake peke yake. Nafasi hiyo ya kuongeza ndiyo yenye thamani kubwa kwako. Ipo pia NCCPC-R ya mwaka 2002, orodha ya dalili za maumivu kwa watoto wasioweza kujieleza, yenye vipengele 30 vinavyohusu sauti, uso, mwenendo, usingizi na ulaji. Hutumika baada ya kumwangalia mtoto kwa saa mbili, na alama 7 au zaidi huashiria kwamba ana maumivu. Toleo lake la wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji lina vipengele 27 na huhitaji dakika 10 tu. Tahadhari yangu ni kwamba orodha hii ilitungwa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, na baadhi ya mambo inayoyahesabu, kama vile kujitenga na watu au kutokubali kubembelezwa, yanaweza kuwa hali ya kila siku ya mtoto mwenye usonji. Mlinganishe na nafsi yake, usimlinganishe na jirani yake wa kitanda cha pili.

Hata kipimo chenu cha 0 hadi 10 mnaweza kukitumia kwa namna nyingine. Chora mstari, kisha mzazi aandike chini ya namba anazozitambua kile ambacho mwanawe hufanya: kwenye 0 “anaimba peke yake,” kwenye 4 “anaacha kuchezea kamba yake,” kwenye 8 “anang’ata mkono.” Karatasi hiyo ibandikwe kwenye jalada, naye muuguzi wa zamu ya usiku ataisoma bila kuhitaji maelezo mengine.

Unapomuuliza mtoto mwenyewe, aulize mtu mmoja, kwa sentensi fupi, kisha anyamaze. Wengi huhitaji muda mrefu kuliko tuliouzoea ili kulipokea swali na kuliandalia jibu, na ukilirudia kwa maneno mengine kabla hajajibu, umempa swali jipya la kuanza nalo upya. Wapo wanaorudia neno la mwisho walilolisikia, ukiuliza “inauma au haiumi?” akajibu “haiumi,” ngoja kidogo, uulize tena “haiumi au inauma?” Akijibu “inauma,” ujue bado hujapata jibu, na utafute njia nyingine. Usimuulize kuhusu “maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria,” kwa kuwa anayechukua maneno kama yalivyo anaweza kukaa kimya akijitahidi kuyafikiria, au akakataa kwa sababu hajawahi kuyapata. Muulize kama inazidi siku ile alipong’olewa jino.

Swali: Mimi ni mbunifu wa programu za simu. Nataka kutengeneza programu ya kishikwambi itakayowasaidia watoto wenye usonji kueleza maumivu hospitalini. Nimefikiria nyuso zinazocheza, rangi kutoka kijani hadi nyekundu, na kitufe cha kuburuta kutoka 0 hadi 10. Naomba maoni. — *Kijana mbunifu*

Jibu: Nia yako ni njema, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu mambo mengi katika kazi hii huamuliwa mapema, kabla mtoto hata mmoja hajashirikishwa.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uyaweke kando yote matatu uliyoyataja. Nyuso tumeshazizungumzia, na zikicheza zitamvuta mtoto azitazame zinavyocheza. Rangi nyekundu huenda ndiyo aipendayo. Kitufe cha kuburuta kinahitaji dhana ya namba pamoja na utulivu wa mkono, na watoto wengi wenye usonji wana shida katika kuuongoza mkono. Kidole kinaweza kuishia kwenye 6 hali yeye alikusudia 9. Kumbuka pia hali atakayokuwa nayo anapokihitaji chombo chako: anaumwa, taa ni kali, mashine zinalia, mtu asiyemjua anamshika mkono. Uwezo alionao asubuhi nyumbani hatakuwa nao wakati huo. Chombo kipimwe kwa kile ambacho mtoto anaweza kukifanya katika saa yake ngumu kabisa.

Ligawe swali kubwa katika maswali madogo, kila moja na ukurasa wake wenye picha chache. Je, kuna kitu kibaya mwilini? Kiko wapi? Ni kidogo, cha kati au kikubwa? Unataka nini kifanyike? Hilo la mwisho wabunifu wengi hulisahau, ingawa kwa mtoto ndilo lenye maana kuliko yote: maji, dawa, kitambaa cha baridi, taa izimwe, mama aje, niachwe peke yangu. Mtoto anayeona kwamba kugusa picha kunaleta nafuu ataigusa tena. Anayeona kwamba kugusa picha kunaleta maswali mengine tu ataacha.

Katika ukurasa wa kwanza usiweke maumivu peke yake. Ukiweka picha moja tu ya kuumwa, njaa itaitwa kuumwa, hofu itaitwa kuumwa, na kelele pia itaitwa kuumwa. Weka kichefuchefu, kuwashwa, joto, uchovu, woga na kelele. Kisha weka majibu matatu yasiyokosekana katika ukurasa wowote: “sijui,” “si hilo,” na “acha.” Bila “sijui,” mtoto hulazimika kubahatisha, na kubahatisha kwake kutaandikwa kwenye jalada kana kwamba ni ukweli.

Mchoro wa mwili uwe na upande wa mbele na wa nyuma, uwe wa mtoto, na usiwe na mapambo. Hata hivyo, si kila mtoto huhamisha maana kutoka kwenye mchoro hadi kwenye mwili wake, kwa hiyo ruhusu picha yake mwenyewe iingizwe, na katika maelekezo uandike kwamba kuonyesha kwa kidole kwenye mwili wake au kwenye mwanasesere ni jibu kamili. Kwa aina ya maumivu, jihadhari na mifano. Ukichora moto kumaanisha maumivu ya kuchoma, au nyundo kumaanisha kichwa kinachogonga, mtoto anaweza kukujibu kwa haki kwamba hakuna moto wala nyundo. Tumia vitendo anavyovijua mwilini: kubanwa, kukunwa, kuchomwa sindano aliyowahi kuchomwa.

Picha zikae mahali palepale siku zote. Wengi hukumbuka kwa mkono kabla ya kukumbuka kwa jicho, na programu inayozihamisha picha kwa kufuata “zinazotumika zaidi” humpokonya mtoto alichokwisha jifunza. Kama tayari anatumia kadi au alama fulani shuleni, chombo chako kizipokee hizohizo. Sauti isome neno aliloligusa, kwa kuwa muuguzi aliyempa mgongo ataisikia, lakini mtoto awe na uwezo wa kuipunguza au kuizima.

Chapisha pia toleo la karatasi. Betri huisha, kishikwambi huanguka, na katika chumba cha MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, hakiruhusiwi kuingia. Karatasi hiyo ifunikwe kwa plastiki isiyong’aa, ili isirudishe mwanga machoni, na inayostahimili kufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu, la sivyo idara ya kuzuia maambukizi haitaikubali kitandani. Nayo kumbukumbu ya maumivu ya mtoto ibaki mikononi mwa familia, isitumwe popote bila ridhaa yao.

Tafadhali usibuni peke yako. Walete watoto wenye usonji kwenye kazi hii tangu mchoro wa kwanza, wakiwemo wasiosema. Wape sampuli tatu na uangalie wanarudi kwa ipi, wanatupa ipi, wanakoma wapi. Watafute pia watu wazima wenye usonji wanaokumbuka walivyolazwa utotoni, maana hao wanaweza kukuambia kwa maneno yale ambayo mtoto wa miaka 6 anakuonyesha kwa kukimbia chumba. Na utakapokijaribu hospitalini, usiridhike na kuuliza kama wauguzi wamekipenda. Angalia kama mtoto alipogusa “kikubwa” mtu alifanya jambo, na kama alipoulizwa tena baada ya dawa alikuwa na njia ya kusema kwamba imepungua. Kuna vipimo vizuri kwelikweli vinavyojazwa kila zamu na kubaki kwenye jalada bila kubadilisha matibabu ya mtoto yeyote.

Jambo jingine ni mafunzo. Hakuna mtoto atakayejifunza chombo kipya akiwa anaumwa. Programu yako iwe na sehemu ya matumizi ya nyumbani, ambamo mzazi huitumia kwa mambo madogo: kidole kilichobanwa na mlango, goti lililochubuka, tumbo lililojaa. Mzazi aguse picha huku akisema “goti linauma, kidogo, nataka maji,” kwa ajili ya goti lake yeye mwenyewe, ili mtoto aone mtu mwingine akitumia lugha hiyo kabla ya kutakiwa aitumie.

Swali: Binti yangu ana umri wa miaka 14, ana usonji, anazungumza vizuri na anafanya vizuri darasani. Lakini anapopata maumivu ya hedhi hunyamaza kabisa, na daktari akamwambia kwamba mtu anayeongea vizuri hivyo hahitaji kadi za picha. Je, nisisitize? — *Mama*

Jibu: Sisitiza, mama. Uwezo wa kusema haukai palepale. Vijana wengi wenye usonji hupoteza maneno wanapozidiwa na maumivu, hofu au kelele, na huyapata tena hali ikitulia. Binti yako hahitaji picha za watoto wadogo, na ni haki yake kuzikataa. Aandae mwenyewe, siku aliyotulia, ukurasa mmoja kwenye simu yake na nakala ya karatasi: “Sasa siwezi kuongea, nakusikia, niulize maswali ya ndiyo au hapana”, kisha orodha ya mahali panapouma, maumivu yake kwa kulinganisha na mara zilizopita, dawa aliyokunywa na saa aliyoinywa, na mambo yanayomzidishia hali kuwa mbaya, kama vile kuguswa bila kuambiwa.

Kwa kuwa maumivu yake huja kila mwezi, aweke pia kumbukumbu ya miezi michache: siku yalipoanza, alichoshindwa kufanya, kama alikosa shule au alitapika. Maumivu ya hedhi yanayomlaza mtoto kitandani yanahitaji uchunguzi, awe na usonji au asiwe nao. Muulize kama angependa uingie naye kwa daktari, na ukiingia, soma alichokiandika kama kilivyo, bila kukipunguza makali.